Springi ya Bunduki ya Papa

Leo nimetia mafuta cherehani yangu, na harufu yake, sawa na ya mafuta ya bunduki, imenirudisha jikoni kwetu Evere, Papa akibadilisha springi iliyochoka kwenye bunduki yake ya kuwindia.

“Mujifiche, batoto, hii kitu inaruka!”

Tukaingia chini ya meza. Maman, na kilemba chake kikubwa cha misa, alipita tu. Springi mpya ikamponyoka Papa, ikaruka, ikapotea. Tuliitafuta hadi ndani ya sufuria ya sombe, kisamvu chetu, Papa akilia kwamba kesho hataenda kuwinda.

Maman alirudi kutoka kanisani anatabasamu, springi imenasa kilembani, inang'aa. Papa akamwonyesha. Maman akaichomoa, akaitazama.

“Donc, kumbe ni hii! Bamama batatu bameniuliza nimeipata wapi.”

Papa akanyoosha mkono apewe. Maman akairudisha kilembani.