Kukamua Breki ya Mbele

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa na pikipiki ya mbio, nyekundu, ile ambayo ukiikalia unainama mpaka kifua kinakaribia tangi. Akipita nayo kwetu Mwankoko, watoto walitoka nje, wazee wakatikisa vichwa, na mimi, dereva wa bodaboda mwenye maneno mengi, nilinyamaza. Nilimhusudu na kumpenda kwa wakati mmoja.

Kisha macho yake yakaanza kuharibika. Daktari alimwambia presha ya macho imeshakula pembeni, sasa anaona mbele tu kama anayechungulia kwenye bomba, kwa hiyo pikipiki aiache. Dada si mtu wa kukubali jambo kirahisi. Aliniita akasema nitamshikia hiyo pikipiki kwa muda, mpaka dawa zifanye kazi, lakini kwanza nijifunze kusimama. Nilikasirika. Mimi niliyebeba magunia ya alizeti kwenye mchanga wa Unyambwa, nifundishwe kusimama?

"Kuiondoa kila mtu anaweza," akasema.

Tulitafuta kipande cha lami kisichopitiwa sana na magari. Akanivalisha jaketi lake, likanibana makwapani, akanionyesha kila kitu upya: klachi mkono wa kushoto, mafuta na breki ya mbele mkono wa kulia, breki ya nyuma mguu wa kulia. Gia ya kwanza chini, nyingine zote unainua kwa kidole cha mguu. Kwenye bodaboda yangu gia zote nilizoea kukanyaga tu, kwa hiyo mguu ulibishana nami asubuhi nzima.

Aliponipungia mkono nisimame, nilikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zangu zote. Tairi likalia, mkia ukaenda upande, nikaponea chupuchupu. Akauliza kwa nini sikugusa ya mbele. Nikamweleza tunachojua sote kijiweni: breki ya mbele ni kaburi. Ukiwa na mzigo mchangani, ukiigusa, gurudumu linajichimbia na wewe unaruka juu ya usukani. Ndiyo maana kwenye bodaboda yangu waya wake niliulegeza kwa makusudi, kama wenzangu wengi.

Sikutegemea anielewe, lakini alinielewa. Alisema mchanga umetufundisha ukweli wa mchanga, na lami ina ukweli wake. Ukishika breki, uzito wote unakimbilia mbele, tairi la mbele linakandamizwa barabarani na kushika. La nyuma linabaki jepesi, halina msaada mkubwa. Kosa ni kuvuta kwa pupa.

"Ng'ombe ukimvuta chuchu kwa pupa anafanyaje?"

"Anapiga teke."

"Basi kamua."

Nikakamua. Kidole kimoja kikitangulia, vingine vikifuata, magoti yamebana tangi, macho mbali na si kwenye gurudumu. Pikipiki ikainama mbele kwa adabu, ikatulia. Nilishangaa kama mtu aliyeonyeshwa mlango mpya ndani ya nyumba yake mwenyewe. Dada alitabasamu kidogo tu, akaniambia nirudie. Nilirudia mpaka kiganja kikauma, naye hakuchoka kusimama juani. Sijapata kuona mwalimu kama yule.

Siku alipoona nimeiva, alisema nimpeleke Iguguno kwa mama mkubwa. Alipanda nyuma, yeye ambaye hakuwahi kukaa nyuma ya mtu. Njia nzima alinielekeza kwa kunigusa bega: punguza, ongeza, vizuri.

Tulipokaribia Iguguno, ng'ombe walichomoka kwenye shamba la alizeti upande wa kushoto, wakielekea barabarani. Vidole vyangu vilikamua vyenyewe. Tukasimama tumenyooka, mbali nao vya kutosha, na moyo wangu ukajaa furaha. Nikasubiri anisifu.

"Mbona umesimama?" akauliza.

Nilidhani ananitania. Nikamwambia kuna ng'ombe. Akageuza kichwa chote kushoto, taratibu, mpaka akawaona wa mwisho wakitoka kwenye alizeti, na mchungaji wao akiwaswaga kwa fimbo. Akawafuata kwa kugeuza kichwa mpaka wote walipovuka.

"Sikuwaona kabisa," akasema. "Daktari alisema kweli. Ichukue, iwe yako."

Niliitamani pikipiki ile tangu siku ya kwanza alipokuja nayo. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yetu, na mimi nilishindwa kuingiza gia.