Nchi Iliyokuwa Chini ya Jiwe la Michembe

Nilialikwa Geita kuwafundisha vijana kuandika riwaya za fantasia. Najua unacheka. Riwaya yangu pekee ya aina hiyo ilisomwa na mke wangu, naye aliishia pale joka lilipotokea. Hata hivyo nilisimama ubaoni nikawaambia kwamba kabla ya vita na uchawi, lazima ujue watu wa nchi uliyoibuni wanakula nini na wanachota maji wapi. Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, si tuingie vitani tu? Nani anajali wanakula nini?"

Nilimpa jibu la chuo kikuu, refu na la bure. Jibu la kweli lilinijia baadaye, nikiwa nyuma ya bodaboda, naelekea kijijini kwetu kulitazama jiwe.

Lilikuwa jiwe pana, mgongo wake tambarare. Kiangazi, viazi vitamu vikishavunwa, bibi mzaa mama alikaa juu yake na kisu, akivikata vipande vyembamba na kuvianika viwe michembe. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi na kuku. Jiwe lilichoma nyayo, viazi vilinukia utamu mbichi, na utomvu wake uliacha weusi vidoleni ambao sabuni haikuuweza. Mama alikuwa amefariki msimu wa mvua uliotangulia. Nilimwuliza bibi yuko wapi. Hakuonyesha mbinguni, ingawa Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani. Aligonga jiwe kwa mpini wa kisu.

"Hapa chini. Kuna nchi."

"Wanakula nini?"

"Viazi. Sisi tunavichimba, wao wanavichuma darini kama matunda. Ukiona kiazi kina tundu, ujue wameshaonja."

Maji, alisema, ni mvua yetu. Huzama polepole mno, hata inawafikia wakati huku ni kiangazi. Kwa hiyo siku zile za jua kali, kule ilikuwa inanyesha. Nikaingiwa na wasiwasi.

"Mama analowa?"

"Ana nyumba."

"Nani kamwezekea?"

"Babu yako. Unadhani alitangulia kufanya nini, ng'wanawane?"

Jirani yetu, mjane aliyekuwa akianika michembe yake upande wa pili wa jiwe, alishindwa kuvumilia. "Bibi, utamharibu mjukuu wako kwa uongo huo!"

"Wewe una ukweli?" bibi akamjibu bila kuinua kichwa. "Haya, mpe akalale nao."

Jirani akageukia viazi vyake. Kesho yake alinijia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kule wana chumvi.

Nilimhoji bibi kama askari wa barabarani aliyeona gari bovu. Unielewe: sikuwa nafuata hadithi, nilikuwa nakagua makazi ya mama. Nchi ile ikijipinga mahali pamoja tu, mama angekosa pa kukaa. Bibi alilijua hilo. Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba kule hakuna jua wala mlango. Macho yao yamezoea mwanga hafifu wa mawe, ndiyo maana hawawezi kupanda kuja kutusalimia. Nililia sana siku hiyo. Aliniacha nilie, sheria hakuigusa.

Mara moja tu aliteleza. Ilikuwa alasiri, tukikusanya michembe iliyokauka, akasema kama anayeongea peke yake, "Saa hizi mama yako naye kakaa nje, anaota jua."

"Bibi, kule hakuna jua. Ulisema mwenyewe."

Aliutikisa ungo wake. "Kweli," akasema. "Nimekosea. Hakuna." Kisha akajifuta uso kwa upindo wa khanga. Mimi nilitembea kwa maringo hadi nyumbani, mshindi wa hoja. Ilinichukua digrii mbili na nusu ya maisha kuelewa kwamba mama yangu alikuwa pia binti yake.

Basi, kijana, unahangaika wanakula nini kwa sababu huenda kuna msomaji ambaye mtu wake anaishi humo.

Bodaboda ilinishusha mbele ya chungu za kifusi. Jiwe halikuwepo. Walikuta dhahabu chini yake, wakalipasua, wakalisaga kwenye karasha, na mahali pake pakabaki duara, lile shimo la wachimbaji linaloshuka wima. Bibi alishazikwa zamani, na jirani pia. Michembe siku hizi nainunua sokoni kwa wanawake wasionijua.

Mchimbaji mmoja akanisogelea, mwili mzima vumbi. "Shikamoo, mzee. Unanunua mawe ya dhahabu?"

"Marahaba. Hapana, naangalia tu. Chini huko kuna nini?"

"Maji tu, mzee. Duara hilo limekufa, halina kitu, tumehamia lile pale. Angalia usije ukatuangukia, tutaambiwa tumekutoa kafara."

Ilikuwa saa sita mchana. Jua lilisimama juu kabisa ya shimo, likashuka humo hadi kwenye maji. Nikapiga magoti ukingoni, mchimbaji akinishikilia shati kwa nyuma, nikachungulia.

Jua limefika, bibi. Hakuna aliyekaa nje.