Nilimficha Mama Maneno ya Daktari wa Nyonga

Kosa ni langu mwenyewe, simsingizii mtu. Ninaliandika hapa kwa sababu nyumbani nimeshindwa kulisema, na Alhamisi inakuja.

Mama yangu amelelewa Burundi, na sasa tunaishi naye Rwezamenyo. Anajua Kirundi na Kiswahili. Kiingereza hana, kwa hiyo akienda kwa daktari wa kigeni mimi ndiye mdomo wake. Wengi wetu hapa Kigali tunawafanyia hivyo wazazi, na hakuna anayetukagua.

Nyonga yake ya kulia ilikuwa imelika. Tukasafiri nje ya nchi kwa daktari ambaye hakati kichwa cha mfupa. Anakichonga, anakivisha kofia, na upande wa pili anaweka kikombe. Alisema kofia za chuma haziwafai sana wanawake wenye mifupa midogo, maana chuma kikisuguana na chuma hutoa vumbi linaloingia mwilini. Siku hizi kuna za seramiki, ile kauri ngumu, ila bado ni mpya na kuagiza moja kungechukua miezi minne. Kisha akauliza kama chuma kiliwahi kumdhuru Mama ngozi.

Nikamwuliza Mama.

"Mwambie iko inaniwasha," alisema. "Ile saa baba yako alininunuliaga, mukono ilivimba mpaka nikaitoa."

Nikamgeukia daktari nikasema hapana, haijawahi kutokea. Habari za seramiki sikumtajia Mama hata kidogo!

Kwa nini? Gusaba yangu ilikuwa imebakiza wiki tisa. Familia ya mchumba wangu ingekuja kuniposa, na nilitaka Mama awapokee amesimama na vazi lake la mushanana, bila fimbo. Miezi minne niliiona mingi. Jamani, ubinafsi gani ule!

Akawekewa kofia ya chuma. Siku ya gusaba alisimama kweli, na alipendeza. Watu wakanisifu kwamba najua kutunza mzazi.

Sasa mwaka wa pili unaisha na nyonga imevimba. Inamwuma mpaka kwenye kinena. Masikio yanamvuma, vidole vya miguu vinakufa ganzi. Wiki iliyopita alitolewa damu ili wapime madini ya ile kofia. Nimesoma kwamba vumbi lile linaweza kula nyama iliyo karibu na nyonga. Naogopa! Nikimwona anashika ukuta kwenda bafuni, natoka nje nikalie huko.

Daktari wa Alhamisi, atakayetusomea majibu, ni Mnyarwanda; Kinyarwanda na Kirundi vinakaribiana, kwa hiyo ataelewana na Mama moja kwa moja. Nikamwambia Mama safari hii anaweza kuingia peke yake. Akakataa.

"Siwezi enda bila wewe," akasema. "Wewe ndo unajuaga kunisemea."

Nimejaribu mara mbili kumwambia ukweli, nikaishia kumwuliza kama amekunywa chai. Lazima nimwambie kabla ya siku hiyo, hata akinifukuza.

Wewe unayemtafsiria mzazi, nakuomba sana, fikisha kila neno, hata lile linalovuruga mipango yako! Mwili ni wake. Mimi niliposema ile hapana, Mama alikuwa ameketi pembeni yangu, ananiangalia na kuitikia kwa kichwa, kwa sababu alidhani nasema yale aliyonituma.