Barakoa ya Imakulata

Kule Mogitu, chini ya mlima, upo uwanja uliozungushiwa kamba ya manjano. Siku hizi kamba imekatika na mbuzi wanaitafuna. Humo ndani kuna magogo, matairi ya lori na mapipa matupu, na vyote vina madoa ya rangi, ya bluu na ya chungwa, ambayo mvua imeshindwa kuyatoa. Mgeni akiuliza hapa palikuwa na nini, watu humjibu kwa kifupi: hapo ndipo Imakulata alipopoteza jicho. Basi. Hawaongezi neno. Mimi nitaongeza, maana nilimjua kabla ya siku hiyo, na mtu si jicho lake tu.

Kazi yangu ni kushona viatu. Nazunguka na mfuko wangu, leo niko Endasak, keshokutwa Gitting, na Mogitu nilikuwa nafikia kwa Imakulata kwa sababu mikanda ya barakoa zake za kazi, zile za plastiki za kukinga uso, hukatika kama kamba za ndala. Zilizokatika alikuwa ananiwekea kwenye ndoo, na chai ananiwekea pembeni.

Alizaliwa Gitting, kwa marehemu Tadei, yule aliyekuwa anatengeneza mabomba ya kunyunyizia dawa ya maharage. Tangu akiwa mdogo mikono yake ilinuka oili. Alijua kuweka oringi mpya, ile pete ya mpira inayozuia hewa, alijua kusikiliza bomba linapovuja hewa, hata baba yake alikuwa akisema, "Mpeni huyo, ana sikio." Baba akafa. Akabaki na mama yake, Agatha, ambaye macho yalikuwa yameanza kwisha kwa ule ugonjwa wa kope kugeukia ndani. Kope zinakwaruza jicho kila mara mtu anapopepesa, mwaka hadi mwaka, mpaka jicho linakuwa jeupe. Imakulata ndiye aliyekuwa anamng'oa mama yake kope kwa kibano, moja moja, mlangoni penye mwanga. Hawakuwahi kwenda hospitali mapema. Walidhani ni vumbi. Lilipofunga jicho la pili, mama alimshika mkono akamwambia, "Macho ya nyumba hii ni mawili, mwanangu, na yote unayo wewe. Uyatunze."

Neno hilo Imakulata alilibeba kama maji kichwani.

Ndipo akaja Bonaventura, kijana wa hapo hapo Mogitu aliyekaa mjini akarudi na mawazo. Alitaka kuweka kambi ya wageni wanaopanda mlima, na pembeni mchezo wa pentiboli. Kwa asiyeujua: ni mchezo wa kuviziana vichakani na bunduki zinazorusha vidonge vya rangi kwa nguvu ya gesi. Kikikupata kinapasuka, unapakwa rangi, unatoka nje. Ngozini kinaacha alama nyekundu, kesho imekwisha. Jichoni ni habari nyingine. Bonaventura alitafuta fundi wa vitu vya gesi na hewa, watu wakamwonyesha binti wa Tadei.

Walikwenda Arusha pamoja kuchagua vifaa vya mitumba. Imakulata mwenyewe alinisimulia. Bonaventura aliingia stoo akaenda moja kwa moja kwenye bunduki ndefu nyeusi, za kurusha mfululizo. Imakulata akaenda kwenye lundo la barakoa.

"Dada, bunduki ziko huku," muuzaji akamwita.

"Nimeziona."

"Sasa unachagua miwani? Unakwenda harusini?"

"Bunduki mbaya itakosa kulenga, kaka. Barakoa mbaya je?"

Alizipulizia pumzi moja baada ya nyingine aone ipi inashika ukungu. Zenye kioo cha tabaka moja alizirudisha, za tabaka mbili alibaki nazo. Alibonyeza kioo pembeni kwa dole gumba kuona kama kinacheza. Alizivaa juu ya kilemba chake, maana wanawake watakuja na vilemba, na aliinama, akaruka, akatikisa kichwa pale pale dukani watu wakicheka. Isiyofunika masikio na koo hakuitaka. Kwenye bunduki alimkatalia Bonaventura zile nyeusi. Alichukua nyepesi za kurusha kidonge kimoja kimoja, zote za aina moja, ili oringi ya hii iingie kwenye ile, na zinazofunguka kwa mkono bila bisibisi.

"Umenichagulia vitu vya watoto," Bonaventura alilalamika njiani.

"Kwani wageni wako ni wanajeshi?"

Kazi yake niliiona mara nyingi. Mchezo ukiisha, kwanza alifungua chupa ya gesi akaitoa, ndipo aguse kitu kingine. Mtutu aliusafisha kwa kijiti chenye kitambaa mpaka kitambaa kitoke cheupe, kwa sababu rangi ikikaukia ndani, kidonge cha kesho kinapasukia humo humo. Oringi alizipaka oili tone, siyo zaidi. Barakoa aliziosha kwa maji ya uvuguvugu na kuzifuta kwa fulana kuukuu iliyofuliwa mara nyingi. Aliyethubutu kufuta kioo kwa gazeti au kwa spiriti alifukuzwa. Vidonge alivilaza ndani, mbali na jua na mbali na baridi ya mlimani, kama mayai ya kuku anayeatamia.

Na wageni wakija aliwapanga mstari, akasimama mbele yao na sauti yake ndogo:

"Sheria ni moja. Ndani ya kamba barakoa haitoki usoni. Ikishika ukungu, haitoki. Ukilia, unalia humo humo. Inzi akiingia, mtatoka naye nje. Mnanisikia?"

"Tunakusikia, mama mchungaji!"

"Chekeni tu. Haitoki."

Sasa kulikuwa na mzee Gidahosh. Uwanja ule ulipakana na njia ya ng'ombe ya kwenda kunywa maji, na ng'ombe wengi wa njia ile walikuwa wake. Mzee mrefu, mkavu, shuka na fimbo. Siku za mwanzo alipita akakuta vijana wamejificha nyuma ya matairi, nyuso za plastiki, hakuna aliyemsalimu. Alisimama penye kamba akaita kwa ukali.

"Nyinyi! Mimi napita!"

Walikuwa wanaviziana.

Alikwenda kwenye mkutano wa kijiji akasema maneno ambayo watu waliyarudia mwezi mzima. "Mtu anayenitazama na uso wa nzige na hanipi shikamoo, nitajuaje kama ni mtu? Hii kambi inafundisha watoto wetu dharau. Iondoke." Na wazee wengine wakaitikia kwa vichwa. Bonaventura alirudi kambini amenywea. Kambi ikiondoka, kazi ya Imakulata inaondoka, na chakula cha mama Agatha pia.

Imakulata ndiye aliyepata njia. Mzee akionekana tu njiani, yeye, ambaye ndiye refa wa mchezo, anapuliza filimbi. Wote wanainua bunduki juu, wanatoka nje ya kamba, wanavua barakoa, wanasema shikamoo kwa pamoja. Kisha wanarudi. Gidahosh alipofanyiwa hivyo mara ya kwanza aliegemea fimbo yake. "Marahaba," alisema, na akarudia, "marahaba, wajukuu." Ikawa ng'ombe wake wana kiu kila saa. Vijana walikuwa wanacheka:

"Leo hao ng'ombe wamekunywa mpaka wanaogelea!"

"Nyamaza, anakuja tena. Jiandae kuwa na adabu."

Kwenye mkutano uliofuata mzee hakusema tena iondoke.

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye mikaratusi. Walikuwa wamekuja wafanyakazi wa ofisi fulani kutoka Babati. Mimi nilikuwa nje ya kamba nashona mkanda. Imakulata alikuwa katikati ya uwanja, refa, filimbi shingoni, anatazama upande wa magogo. Ndama wa Gidahosh alikuwa amepenya chini ya kamba upande wa juu, na mzee, ambaye siku zote alipita nje, safari hii akaingia ndani kumfuata. Ukungu ule, hakuna aliyemwona. Alitokea nyuma ya Imakulata, karibu kabisa, akasema kwa upole tu:

"Binti."

Huku kwetu mtoto anafundishwa kuvua kofia mbele ya mzee kabla hajafundishwa kuvaa suruali. Imakulata aligeuka. Mkono ulikwenda wenyewe. Aliinua barakoa mpaka juu ya paji la uso, akakunja goti kidogo, akasema, "Shikamoo, babu."

Msichana mmoja wa Babati, Brightness, alikuwa amelenga mwenzake aliyekuwa anakimbia ng'ambo ya Imakulata. Alikuwa amekwisha kufyatua. Kidonge kikitoka hakirudi.

Nilisikia pu. Sauti ndogo, kama mtu amepasua ganda la maharage. Uso wa Imakulata ukawa wa chungwa upande mmoja. Na Gidahosh alicheka. Simlaumu; yeye alijua mchezo ni kupakana rangi. Alicheka mpaka binti alipopiga magoti yote mawili na kuweka kiganja usoni, bila kupiga kelele, na katika ile rangi ya chungwa ukaanza kupita mstari wa rangi nyingine.

"Mama," alisema. Hakuwa anamwita. Nadhani alikuwa anamhesabia macho ya nyumba.

Hospitali walisema jicho limepasuka ndani. Baadaye wakasema litolewe lisije likaharibu mwenzake. Likatolewa.

Bonaventura alikwenda kumwona na matunda. Alikaa, akazunguka na maneno, mwisho likamtoka: "Imakulata, sheria si ulitunga wewe?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa nini, kaka? Ile nyingine sikuitunga mimi. Nilizaliwa nayo."

Wageni waliacha kuja. Habari ya namna hiyo inashuka bonde haraka kuliko mafuriko. Brightness aliandika ujumbe kwenye simu, mrefu, wa kuomba msamaha, na Imakulata alimjibu kwamba hana kosa, lakini yule msichana hakuandika tena. Watu nao walisema yao. Wengine walisema alikuwa anajivuna na sheria zake, Mungu amemwonyesha. Wengine walisema Gidahosh ana ulimi mchungu, aliapiza siku ile ya mkutano. Gidahosh aliyasikia yote. Aliacha njia ile ya ng'ombe. Watoto wakimwamkia alikuwa anapunga mkono kama mtu anayefukuza nyuki, anapita. Mzee yule aliyeitaka shikamoo kwa fimbo, sasa ilikuwa inamchoma.

Imakulata akarudi Gitting kwa mama yake. Nilipanda huko kumpelekea kitu nilichomshonea, kipande cha ngozi laini ya mbuzi cha kufunikia jicho. Nilimkuta mlangoni, pale pale alipokuwa anamng'oa mama kope, amezungukwa na barakoa. Bonaventura alikuwa anauza vifaa na amempelekea gunia azisafishe. Alikuwa anazifuta kwa ile fulana kuukuu, kichwa amekipinda kama kuku anayetazama punje. Moja alikuwa ameiweka kando. Ilikuwa yake. Rangi ya chungwa ilikuwa imekaukia kwa ndani, upande ambao rangi haitakiwi kufika.

"Hiyo vipi?" nikamuuliza.

"Hiyo mwisho, fundi."

Alijaribu kile kipande cha ngozi, akanishukuru, akasema hakibani. Mama Agatha alikipapasa kwa vidole, akaenda mpaka chini ya ngozi pasipo na kitu, akaondoa mkono.

Hatukukaa sana, Gidahosh akatokea. Alikuwa ametoka bondeni kwa miguu, anavuta ndama kwa kamba. Ndama yule yule, amekua. Alisimama uani, akamfunga ndama kwenye nguzo ya uzio. Imakulata alisimama, akafuta mikono kwenye khanga.

"Shikamoo, babu."

Mzee alitazama chini.

"Ndama ni wako," alisema. "Halingani na jicho. Najua halingani."

"Ndama tutamwongelea baadaye. Shikamoo, babu."

Mama Agatha akainua uso pale alipokaa. "Nani huyo anaamkiwa hataki kuitikia? Amekuja na ugomvi?"

"Mama, ni mzee Gidahosh." Kisha akamgeukia, na ilibidi ageuke sana, mpaka bega, ili ampate kwa jicho lililobaki. "Babu, siku ile nilikuamkia. Hukuniitikia. Nimelala na hiyo shikamoo hospitali, nimerudi nayo nyumbani, iko hapa kooni. Jicho sikudai. Hiyo nadai."

Mzee Gidahosh alishika fimbo kwa mikono yote miwili. Jibu lilipotoka halikuwa na sauti, lilikuwa pumzi tu.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Karibu ukae," Imakulata alisema.

Akakaa kwenye kigoda. Imakulata akaleta birika na vikombe. Alimwinamia mzee, kwa heshima, mkono mmoja chini ya kiwiko cha mwingine kama tunavyofanya, akamimina. Mwenye jicho moja hajui kitu kiko mbali kiasi gani. Chai ilipita pembeni ya kikombe, ya moto, ikawa inamdondokea Gidahosh mguuni, naye hakuutoa mguu.

Mama Agatha alisikia inavyoanguka.

"Imakulata, unamwaga."

"Naona, mama," alisema.