Injini ya Mkunga

Mtaani wananiita Kesho. Siku hizi hata vitoto vinapita getini: "Kesho, mpira wetu umeingia gereji kwako." Naitika, nifanyeje? Zamani mtu angeniita hivyo ningemtupia spana, maana kati ya mafundi wote wa barabara hii mimi peke yangu sikuwahi kumwambia mteja "njoo kesho." Nikisema Alhamisi, basi Alhamisi saa nne gari lako liko nje, limeoshwa. Aliyeniharibia jina ni mwanamke wa miaka sabini na miwili, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba nampenda.

Ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake, nikiwemo mimi, na hasahau kunikumbusha. Ukibishana naye hata juu ya mvua, atakuambia ulizaliwa umetanguliza miguu na tangu hapo hujabadilika. Gari lake ni la rangi ya maziwa, limenizidi umri, na mumewe alilinunua jipya mwaka waliooana, akafa akamwachia. Watoto watatu wamezaliwa kwenye kiti cha nyuma. Mmoja sasa ni diwani, na hapendi lisemwe. Huyu mama amestaafu miaka kumi na miwili, lakini kustaafu kwenyewe ni kwa jina tu. Mjamzito akishikwa na uchungu, wa kwanza kupigiwa simu si mume wala shangazi. Anapigiwa yeye, na gari linatoka.

Mwaka juzi injini ya gari ikaanza kugonga. Akaja nalo taratibu mpaka gereji, akafungua boneti injini ikiwa inaunguruma, akatoa mkobani kile kibomba chake cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Upande mmoja kwenye chuma, upande mwingine sikioni. Nilicheka mpaka nikashika ubavu.

"Silinda ya tatu," akasema.

Nikachukua kijiti changu, maana sisi mafundi nasi tuna kijiti cha kusikilizia, nikasikiliza kwa madaha ili nimkosoe. Silinda ya tatu. Nikachukua spana.

Nilipoifungua injini nikakuta pistoni ya tatu imekwaruza ukuta wa silinda na beringi zimelika. Hapo pana njia mbili. Ya kwanza, kuijenga upya: bloku ipelekwe mjini ikachongwe, pistoni zitafutwe, kila kitu kipimwe. Ya pili, kuing'oa na kuweka injini ya mtumba, nami nilikuwa nayo moja nzima, imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma. Fundi yeyote anaweza kubadilisha injini. Kuijenga ya zamani ikaimba tena, hapa mtaani naweza mimi tu, na nilitaka ijulikane.

"Tuijenge upya, Mama," nikamwambia. "Hii ndiyo iliyozaliwa na gari. Ina roho."

"Roho ninayo mimi. Injini ina mafuta. Itachukua muda gani?"

"Miezi miwili."

"Na hiyo nyingine?"

"Siku nne. Lakini Mama, mtumba..."

"Binti yangu anakuja Jumamosi."

Binti huyo, kifungua mimba wake, ni mwanasheria mjini. Si mtu mbaya. Anampenda mamake mpaka anakera. Alikuwa amekwisha kusema wazi: siku gari litakapokufa, mama hana tena kisingizio, anahamia kwake.

"Kwake kuna chumba kizuri," Mkunga akaniambia, amekaa juu ya tairi kuukuu. "Kina pazia, kina televisheni, na mtu wa kuniletea chai kabla sijaitamani. Nikikaa kule mwaka mmoja, fundi, nitakufa kwa kupumzishwa." Hakucheka aliposema hivyo. Mimi pia sikucheka.

Basi nikaweka mtumba. Nilifanya kazi nimenuna siku zote nne, na Ijumaa jioni gari likawaka mara ya kwanza tu ufunguo ulipogeuzwa, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumamosi Mkunga akampokea bintiye kituo cha basi kwa gari hilohilo, akamleta moja kwa moja gereji. Eti amsalimie fundi. Alikuja kuringa tu. Mwanasheria akalizunguka gari, akainama, akainuka.

"Na injini ya Baba iko wapi?"

Nikamwonyesha, ipo mezani vipande vipande. Kabla sijafungua mdomo Mkunga akadakia. "Fundi anaifufua. Siku itakapopona itarudi garini, gari nitampa mjukuu wangu, nami nitafunga mizigo nije kwako."

"Ni ahadi?"

"Ni ahadi."

Mwanasheria akanigeukia. "Itapona lini, fundi?"

"Miezi miwili," nikajibu, kifua mbele. Mkunga akanikanyaga mguu. Nikadhani ni bahati mbaya, nikampisha.

Jamani, ile injini niliijenga. Wiki ya saba injini ilikuwa tayari, imefungwa kwenye stendi ya chuma, inazunguka laini kiasi kwamba ungeweka kikombe cha chai juu yake na chai isimwagike. Nikampigia Mkunga simu. Akaja na kibomba chake, akasikiliza dakika nzima, akanyooka.

"Inagonga."

Nilihisi nimetukanwa. Nikaifungua, nikapima kila pistoni, nikaifunga. Akaja tena. "Inagonga." Nikaifungua mara ya pili, silali vizuri, mke wangu ananiuliza kama nina mwanamke nje. Mara ya tatu nikamwambia kwa hasira, "Mama, hii injini haigongi. Naapa haigongi."

Akafunga kibomba kwenye kitambaa chake, polepole. "Mke wa muuza magazeti ana mapacha," akasema. "Yule mshonaji wa kona shinikizo la damu linapanda. Nani atawapeleka hospitali nikiwa mjini naletewa chai? Wewe ni fundi mzuri sana, lakini kichwa chako kizito. Ulikuwa hivyo tangu miguu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilikanyagwa, zaidi ya wiki saba baada ya kukanyagwa.

Tangu siku hiyo ni mwaka na nusu. Mwanasheria anapiga simu kila mwisho wa mwezi. Nimemwambia pistoni haijafika. Nimemwambia imefika, si yenyewe. Nimemwambia mgongo wangu. Kwake sijaapa hata mara moja, lakini nimedanganya mpaka ulimi umechoka. Siku moja akauliza kwa upole kama nilijifunza ufundi mahali fulani au nilianza tu, na simu ilikuwa kwenye spika; mteja aliyekuwa pale akasikia, akaeneza kwamba nami ni fundi wa kesho, na jina likazaliwa. Iliniuma. Nasema kweli, iliniuma. Ile injini ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na imekaa chini ya shuka kama deni.

Kila Jumamosi asubuhi Mkunga huja, tunafunua shuka, naiwasha, anasikiliza, anasema "Inagonga," tunakunywa chai. Jumamosi iliyopita tulikuwa katikati ya hayo, injini inaimba, kibomba kiko sikioni, mlango ukafunguka. Alikuwa mwanasheria, amekuja bila taarifa.

Akaitazama injini. Akanitazama mimi. Akamtazama mamake. Macho ya Mkunga yalikuwa ya mtoto aliyekutwa mkono uko ndani ya sukari.

Binti akanyoosha mkono, mama akampa kibomba. Akapiga goti kwenye sakafu yangu ya mafuta kwa sketi yake ya maana, akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu. Simu ya Mkunga ikaita. "Mlaze ubavu wa kushoto," nikamsikia akisema. "Chupa imepasuka saa ngapi?" Halafu akamtazama bintiye, funguo ziko mkononi, hajasogea hata hatua. Alikuwa anaomba ruhusa.

Mwanasheria akainuka, akapangusa goti.

"Inagonga," akasema. "Silinda ya tatu. Nenda, Mama, wasikusubiri."

Mama akaenda. Tukalisikia gari likiwaka, mtumba wangu huo, likakata kona. Binti akanirudishia kibomba. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya mahakamani.

"Sasa, fundi. Nije lini niiangalie tena?"

Nikaizima injini. Nikavuta shuka, nikaifunika vizuri mpaka pembeni.

"Njoo kesho," nikamwambia.