Macho ya Kipa Kwenye Ukungu

Mechi ya kwanza tulifungwa nne. Ya pili, tatu. Ya tatu sitaki hata kuitaja. Na siku zote hizo mimi nilikuwa ndani na kichanga, nakandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wenye pilipili manga, naambiwa nitulie. Nitulie vipi? Timu ya kijiji chetu naishangilia tangu nasoma shule ya msingi, na kipa wake ndiye mume wangu.

Uwanja wetu, huku upande wa Bumbuli, umechongwa ubavuni mwa mlima. Ligi ya kata inapoanza, ukungu unapanda kutoka bondeni karibu kila alasiri. Kuahirisha hatuahirishi, maana tukisubiri jua tutacheza lini? Kwa hiyo kila timu huweka mtu wake juu ya ukingo ulio kando ya uwanja, mbele kidogo ya goli. Pale anawaona wachezaji wanaopita chini yake, ambao kipa hawaoni bado, na kazi yake ni kupiga kelele: nani anakuja na mpira, na anakuja upande gani. Kwetu mtu huyo nilikuwa mimi. Msimu huu nikajifungua.

Baada ya mechi ya tatu mume wangu aliingia ndani na matope hadi masikioni, akakaa kwenye kigoda.

"Nani alisimama ukingoni?" nikamuuliza.

"Yule muuza betri."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Anakuja!'"

"Anakuja nani?"

"Ndicho nilichokuwa namuuliza na mimi. Goli likaingia."

Nilitamani kumrushia muuza betri kikombe. Lakini mume wangu hakuwa amemaliza. Kocha alikuwa amesema mbele ya watu, pale dukani, kwamba tukifungwa tena ataleta kipa kutoka kijiji kingine. Mume wangu analima kabichi na viazi juma zima, mgongo unamuuma, na kitu pekee anachokifanya kwa raha yake ni kusimama katikati ya ile miti miwili. Aliposema vile alikuwa anamwangalia mtoto, haniangalii mimi.

Siku ya mechi ya nne nikajifunga kanga, nikamweka mtoto mgongoni. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Uwanjani, mama. Ni dakika tisini tu."

"Hata tisa huendi. Arobaini haijaisha. Baridi ile ikikuingia mgongoni atakayeulizwa ni mimi."

"Basi nenda wewe, mama!"

Nilisema kwa hasira tu. Mama mkwe ni mtu wa kwaya ya wanawake, sauti ya kwanza, na tangu niolewe sijawahi kumwona akikanyaga uwanjani. Mpira kwake ni watu wazima kugombania kitu kimoja wakati madukani vipo vingi. Akakaza kitenge kiunoni. Kisha akachukua mwavuli, akaenda.

Tulikuwa tunacheza na kijiji cha ng'ambo ya bonde. Alikozaliwa yeye.

Nikakaa kitandani nikinyonyesha. Dirishani palikuwa peupe kabisa, hata mgomba wa nyuma ya jiko sikuuona. Halafu ile sauti ya kwaya ikapanda mlimani, kwa Kishambaa, wazi kama yuko uani.

"Wa fundi cherehani huyo, anakuja kulia! Ana pupa kama baba yake, mngoje tu, atajikwaa!"

Watu wakacheka. Nikasikia mtu anamjibu kutoka kwenye ukungu, "Shangazi, wewe si wa kwetu?"

"Nilikuwa! Mwanangu, mtoto wa kaka yangu anakuja kushoto! Toka umzuie! Toka!"

Namba za jezi hazijui, wala hajui winga ni nini. Lakini kwao hajaacha kwenda, na wale wote amewabeba wakiwa wachanga. Anajua nani anatumia mkono wa kushoto na nani mwoga tangu utoto, na aliyasema yote, mtu kwa mtu. Mara nyingine sikumsikia, nikasogeza sikio dirishani. Kuna wakati uwanja mzima ulilipuka na sikujua ni wa upande gani wanaoshangilia. Nikambana mtoto mpaka akalia.

Walirudi pamoja, wamelowa. Nikauliza, "Ngapi?"

Mama mkwe akafungua mdomo. Sauti hakuna. Akaonyesha viganja vitupu.

"Hakuna lililoingia," mume wangu akasema, anacheka kama mlevi. "Huku wala kule. Kocha anasema mama aje na mechi ijayo."

"Na wewe je?"

"Na mimi, nani mwingine?"

Mama mkwe hakukaa hata kidogo. Mwavuli ukiwa bado unachuruzika mlangoni, aliinjika maji ya kunikanda. Nikamwambia asante, mama. Akanipiga kofi dogo begani, geuka. Jumapili, mume wangu aliniambia, mama alisimama kwenye mstari wake wa kwaya anafungua mdomo tu, na mwalimu wa kwaya alikasirika. Nimepewa vitu vingi kwenye nyumba hii. Sauti hiyo bado sijui nitairudishaje.

Wala msidhani hasira zimeniisha. Sare si ushindi, na washambuliaji wetu wanapiga mpira kama wanafukuza kuku.

Arobaini ilipoisha nikaenda uwanjani na mtoto mgongoni, nikapanda moja kwa moja hadi ukingoni. Mama mkwe alikuwa ameshafika, kitenge kiunoni.

"Shikamoo mama. Sogea basi, nimerudi."

"Marahaba. Sogea wewe, unamzibia mtoto asione."

Ukungu ukaanza kupanda. Chini yetu mume wangu alikuwa anapiga miti ya goli kwa glavu, mmoja halafu mwingine, kama kawaida yake. Nikasogea.