Hindi la Afisa wa Reli

Wiki jana treni iliposimama Kibwezi, afisa wa reli alishuka kututangazia kwamba haitasimama tena, eti hapa hakuna anayeihitaji. Kina mama wanaowauzia abiria mahindi ya kuchoma kupitia madirishani walinichagua mimi nimjibu. Wangemchagua nani? Shule niliiacha darasa la sita, lakini mdomo ulifaulu.

Nikanyoosha kola, nikakohoa. Kabla sijaanza, mama mmoja akamwuliza afisa, "Umekula, mwanangu?"

Kwetu mgeni hajadiliani akiwa na njaa. Afisa akachagua hindi bichi, likawekwa kwenye makaa. Mara filimbi ikalia. Afisa akamwinulia mkono gadi, msimamizi wa treni. "Ngoja kidogo, bado linaiva."

Treni nzima ikangoja. Mama alipepea makaa taratibu, kama mtu asiye na haraka ya maisha.

"Si ulisema hapa hakuna anayeihitaji? Sasa wewe umeisimamisha ya nini?" mama akamwuliza.

Afisa alitazama hindi, akatutazama, akacheka. "Haya, mama. Nitawaambia wakubwa iendelee kusimama."

Jana ilisimama, kina mama wakakimbilia madirisha, nami nikashusha pumzi. Mama yule anawaambia watu kwamba nilisaidia sana kwa kunyamaza.